Shangazi na Simu ya Mkunga

Kituoni kila mtu alimwita Shangazi, hata mkuu wa kituo aliyemzidi umri. Jina lilitoka kwa mwizi mmoja wa betri za magari. Alihojiwa asubuhi nzima, kisha akawageukia askari waliokuwa mlangoni akawaomba, "Nipigeni tu yaishe. Huyu ananiuliza kama shangazi yangu." Hakupigwa. Alikiri kabla ya chakula cha mchana, akahukumiwa, na jina likabaki.

Alikuwa sajini wa upelelezi, mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, mwenye miguu inayovimba kila jua linapoinama. Akikaa tu, viatu vilikuwa chini ya meza. Nyumbani mumewe alikuwa fundi saa, na kuta za sebule zilijaa saa za wateja, kila moja ikishikilia wakati wake. Shangazi alikuwa akisema kwamba ndoa yake imedumu kwa sababu hakuna awezaye kuthibitisha kuwa amechelewa kurudi.

Mumewe naye alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Saa ikiletwa imekufa, hakukimbilia kuifungua. Aliisikiliza, akaitikisa, akabadilisha betri, akaifuta kutu. Ilipokataa kabisa ndipo alipochukua bisibisi ndogo na kuifungua mgongo. "Ukishafungua," alikuwa akimwambia mkewe, "hata ukiifunga vizuri, vumbi limeshaingia."

Shangazi alikuwa akiitikia "ehe" huku anakanda miguu. Maneno ya fundi saa huzoeleka kama milio ya saa zenyewe.

Mwaka ule, mtaa wa maduka ulikuwa na hofu. Kulikuwa na genge lililojiita Zimamoto, kwa kejeli. Walimpigia simu mwenye duka, wakajitolea kumlinda dhidi ya moto kwa malipo ya kila mwezi. Aliyekubali hakuona moto. Aliyekataa aliwaka. Duka la samani liliungua, kisha la matairi, na kwenye la matairi mlinzi alipoteza maisha. Kila aliyeulizwa alikuwa hajaona kitu. Askari waliwekwa kulinda duka la samani kwa muda. Siku walipoondolewa ndiyo siku lilipoungua.

Jumatano moja fundi cherehani aliingia kituoni, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni. Alikuwa mjane. Duka lake lilikuwa chini, na juu yake aliishi na watoto wake pacha na mama mkwe asiyeweza kushuka ngazi bila kushikwa.

"Wamenipigia," alisema. "Sauti ya kiume, ya taratibu kabisa, kama anayeuliza nguo yake iko tayari. Akasema, 'Fundi, Ijumaa jioni utaona kitambaa kinavyowaka. Ukitaka, hamisha watoto.'"

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia aje mwenyewe nimpime suti ya kuzikiwa." Akashusha pumzi. "Shangazi, nihamie wapi? Mama mkwe nimbebe mgongoni na cherehani kichwani?"

Shangazi alimshika mkono. Hakumwahidi kitu, maana hakuwa na kitu cha kuahidi. Alijua kwamba akimkamata mpiga simu mmoja, genge litatafuta sauti nyingine. Alichohitaji ni kujua nani anatoa amri, na hilo lingesikika mahali pamoja tu, ndani ya simu yao. Na hakuna askari anayeruhusiwa kutega sikio kwenye simu ya mtu bila jaji kuandika kwamba anaruhusu.

Basi ombi likaandaliwa jioni ile ile. Aliyeliandika ni mpelelezi mwenzake waliyemwita Chapachapa, kwa jinsi vidole vyake vilivyokimbia kwenye kompyuta. Alikuwa mtu mwema, mwenye haraka. Hati za kiapo za namna hiyo zinafanana sana, kwa hiyo Chapachapa hakuwahi kuanza na karatasi tupu. Alichukua hati ya zamani, ya wasafirisha dawa za kulevya, akabadilisha majina, namba na makosa, akachapa. Kituo kizima kilifanya hivyo. Kuna aya zilizokuwa zimerithishwa kutoka kesi hadi kesi mpaka hakuna aliyekumbuka zilizaliwa wapi.

Shangazi alisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Katikati alipapasa kwa macho. Fundi cherehani alikuwa bado amekaa kwenye benchi la nje, akisubiri kuambiwa arudi nyumbani au asirudi. Shangazi akaapa, akasaini.

Alhamisi asubuhi walikuwa mbele ya jaji. Mawakili walimpa jaji huyo jina la Mama Kwa Nini. Ofisi yake ilikuwa na feni iliyozunguka kwa kulalamika, chupa ya chai, na mafaili yaliyopangwa sakafuni kwa sababu meza ilikuwa imejaa.

"Kaeni," alisema. "Mnataka kusikiliza simu za watu. Kwa nini?"

Shangazi alieleza. Jaji alisikiliza bila kuinua uso, kalamu ikifuata mistari.

"Kuchoma maduka kwa kundi, kwa mpango, na mtu amekufa. Kosa ni zito la kutosha, sheria inaniruhusu. Kwa nini simu hii ya kwanza?"

"Ndiyo iliyompigia fundi, Mheshimiwa. Na kabla ya hapo iliwapigia wenye duka la samani na la matairi, siku chache kabla ya kuungua. Kampuni ya simu imethibitisha."

"Sawa. Hiyo si hisia, ni sababu. Imesajiliwa kwa nani?"

"Kwa marehemu. Walitumia kitambulisho chake."

"Marehemu hatumsumbui. Na hii ya pili?"

"Ya kwanza huipigia kila asubuhi. Imesajiliwa kwa mama mmoja, mkunga mstaafu. Tunadhani ni mama wa kiongozi wao, au anatunza mali zao."

"Mnadhani." Jaji alimimina chai. "Mimi napigiwa na watu wa bima kila asubuhi. Je, nami nauza bima? Kupigiwa simu si kosa, Sajini. Simu ya mkunga mstaafu ina siri za nusu ya mji huu. Kabla sijawafungulia hiyo, nataka kujua mmejaribu njia gani nyingine. Kumwendea, kwa mfano. Kumgongea mlango, mkamuuliza."

Alifunua ukurasa. Kidole chake kikasimama.

"Ah. Hapa. Aya ya saba. 'Kwamba nilimhoji mmiliki wa namba ya pili, naye akakataa kutoa ushirikiano.' Basi, kama mmemwendea na amekataa, hilo ni jambo jingine." Akafungua kofia ya kalamu.

Shangazi aliinama, akaisoma aya ile kwa mara ya kwanza. Hakuwahi kumhoji mkunga. Hakuwahi hata kuiona nyumba yake. Aliyekataa kutoa ushirikiano alikuwa mmiliki wa namba ya pili wa kesi ile nyingine, ya dawa za kulevya, na aya yake ilikuwa imesafiri na hati kama kunguni kwenye godoro la kuazima.

Kalamu ilikuwa imeshafika kwenye karatasi. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu. Jioni ya kesho ilikuwa inakuja, na juu ya duka la cherehani kulikuwa na pacha wawili na bibi asiyeweza kushuka ngazi. Alimwona yule bibi akilini waziwazi, ameshika ukuta.

"Mheshimiwa," alisema, "naomba kalamu isubiri."

Feni ikalalamika mzunguko mzima.

"Aya ya saba si kweli. Mimi sijamhoji huyo mama. Imetoka kwenye hati nyingine, na mimi nikasaini bila kuisoma."

Chapachapa aliinama kutazama sakafu kama mtu aliyedondosha kishikizo.

"Nani aliandika?"

"Aliyeapa ni mimi, Mheshimiwa."

Jaji alimtazama. Hakuwa na hasira usoni. Alionekana kama mtu aliyechoka ambaye hatimaye amepata mahali pa kukaa.

"Ungenyamaza ningesaini."

"Najua."

"Na mngewakamata. Halafu siku ya kesi wakili wao angemwita huyo mkunga kizimbani na kumuuliza, 'Bibi, ulihojiwa lini?' Ningelazimika kutupa kila neno mlilosikia. Wachomaji wangetoka mlangoni wakinipungia mkono, na fundi wenu angekuwa anawatazama." Akafunika kalamu. "Sisaini hii. Lakini sijafunga mlango pia. Nipo hapa mpaka wafagiaji wanitoe. Nenda ukafanye ulichoapa kwamba umekifanya."

Kwenye korido Chapachapa alikuwa karibu kulia. "Shangazi, nimekumaliza."

"Hujanimaliza. Umenitembeza tu. Na kwa miguu hii, dhambi ni ile ile." Kisha akampiga bega. "Ondoa sura hiyo. Nenda kwa fundi, ukae dukani kwake kama mteja. Agiza suruali. Mimi naenda kwa mkunga."

Alikwenda bila sare, na gauni la kawaida na mkoba. Nyumba ya mkunga ilikuwa nyuma ya kiwanda cha matofali, na ua uliofagiliwa ukaacha mistari ya ufagio. Kwenye kamba vitambaa vyeupe virefu vilikuwa vinakauka, vimefuliwa kwa ustadi, vimepangwa kwa urefu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Pita, pita." Mkunga alikuwa mwembamba, mwenye macho makali na mikono mikubwa kuliko mwili. Alimtazama Shangazi tumboni, kisha miguuni. "Miguu imevimba. Miezi mingapi?"

"Bibi! Mimi kazi hiyo nilishastaafu."

"Hata mimi nimestaafu, na wanakuja. Kaa basi. Kama si mimba ni chumvi."

Shangazi alicheka, na kicheko kikamsaidia kusema ukweli bila kuuzungusha. Alisema yeye ni polisi. Alisema kuna namba inayompigia kila asubuhi, akaisoma. Alisema angependa kujua ni ya nani.

Uso wa mkunga ulifungika. "Huyo ni mgonjwa wangu. Ya wagonjwa siyasemi. Nimezalisha wake za watu na wasio wake za watu, na sijawahi kufungua mdomo. Kama umekuja kwa hilo, kunywa maji uende."

"Nitakunywa." Alikunywa taratibu. Hakubishana. Akaweka kikombe chini, akasema, "Bibi, sitakulazimisha. Ila nikuambie kwa nini nimekuja, kisha utaamua mwenyewe. Kuna fundi cherehani kwenye mtaa wa maduka. Ameambiwa kesho jioni watamchoma. Anakaa juu ya duka, na watoto na mkwewe."

"Fundi yupi? Mjane? Mwenye pacha?"

"Huyo."

Mkunga aliweka mikono yake mikubwa magotini. "Wa pili alitanguliza miguu," alisema polepole. "Usiku kucha. Mama mtu ananiambia, 'Mwokoe yeye, mimi niache.' Nikamwambia, 'Nyamaza wewe, nawataka wote.'" Nje, vitambaa vilipunga kidogo kwenye kamba.

"Huyo anayepiga anakuja hapa kubadilishiwa kitambaa cha kidonda," alisema hatimaye. "Mkono wa kulia, mpaka kwenye kiwiko. Ameungua. Hupiga asubuhi kuuliza kama nipo peke yangu. Aliniambia ni mpishi wa hoteli, mafuta yamemmwagikia. Nikanyamaza. Ila pua ninayo, binti yangu. Siku ya kwanza shati lake lilikuwa linanuka petroli. Sasa mpishi gani anayekaangia petroli?"

"Siku ya kwanza ilikuwa lini, Bibi?"

"Asubuhi ile watu walipokuwa wanasimuliana duka la matairi limeungua." Mkunga alifumba macho. "Niliyaweka mambo hayo mawili mbalimbali. Nilitaka yakae mbalimbali. Kidonda ni kidonda, unakisafisha. Lakini pacha wangu hapana."

Alimweleza sura ya mtu yule, kovu lake, pikipiki yake na mahali anapoiegesha. Alipomsindikiza hadi mlangoni alimwambia, "Punguza chumvi."

Shangazi alirudi mahakamani akiwa ameshika viatu mkononi, na mlinzi wa getini akajifanya hakuona. Kwa jaji aliomba karatasi, akaandika hati mpya kwa mkono wake, mstari kwa mstari, akisoma kila neno kwa sauti ya chini kama mtoto anayejifunza. Kwenye ile ya kwanza alikata aya ya saba kwa mstari mmoja, akaandika pembeni kwamba si kweli, akasaini na kuweka saa. Jaji akaamuru zote mbili zikae kwenye faili.

"Sasa," alisema Mama Kwa Nini, "nina mtu mwenye sura, badala ya namba tu. Nina simu iliyotangulia moto mara mbili, na mkono ulioungua asubuhi ya moto. Mmejaribu walinzi, genge likasubiri waondoke. Mmeuliza majirani, wanaogopa. Mkimkamata huyu leo, mkubwa wake atapotea na fundi ataungua wiki ijayo badala ya kesho. Kwa hiyo ipo sababu ya kusikiliza. Simu ya kwanza tu. Ya mkunga muiache. Ruhusa inaisha mkishampata mtoa amri, au wiki ikiisha, lolote litakalotangulia. Na akipiga kwa mkunga mnafanya nini?"

"Tunavua vipokea sauti masikioni."

"Akipiga kwa mchumba wake?"

"Tunavua, Mheshimiwa."

"Hata kama ni patamu?"

"Hasa hapo."

Jaji alisaini. Ilikuwa mara ya kwanza Shangazi kumwona akitabasamu, na lilikuwa tabasamu dogo, la upande mmoja.

Hawakusubiri sana. Ijumaa, kabla ya jua kufika utosini, mwenye mkono ulioungua alimpigia mkubwa wake. Alianza kwa kulalamikia kidonda, na Chapachapa, aliyekuwa kwenye kiti cha kusikiliza, akanyanyua mikono kuvua vipokea sauti. Kisha sauti ya pili ikasema, "Madebe yako stoo kwangu, njoo uchukue kabla sijafunga," na mikono ikabaki hewani.

Waliifahamu sauti ile. Ilikuwa ya muuza rangi, mwenyekiti wa kamati ya wenye maduka, aliyepita kila palipoungua kuwapa watu pole na kukusanya michango. Shangazi mwenyewe alikuwa amemkalisha ofisini kwake na kumpa chai.

"Nilimwongezea sukari," alisema, akivaa viatu.

Walimkuta stoo, kati ya makopo ya rangi, akimpokeza mwenzake madebe ya petroli. Hakukuwa na mbio wala risasi. Mwenye mkono ulioungua aliomba tu asifungwe pingu upande ule. Shangazi akamfunga mkono wa kushoto tu, kisha akatuma mtu ampeleke kwa daktari.

Jioni ile alikwenda kwa fundi cherehani. Barabara ilikuwa na watu wengi kuliko kawaida. Habari zilikuwa zimetangulia. Mlango wa duka ulikuwa wazi. Fundi alikuwa amekaa mbele ya cherehani, mikono juu ya kitambaa, hashoni.

"Wamekamatwa," alisema Shangazi. "Na anayewatuma."

Fundi aliuliza, "Wote?" Akajibiwa wote. Akauliza tena. Kisha aliegemeza paji la uso kwenye cherehani na mabega yakaanza kutikisika, na Shangazi hakujua kama ni kilio au kicheko mpaka sauti ya mama mkwe iliposhuka kutoka juu: "Wee, kuna nini huko? Mbona mashine imenyamaza?"

"Hakuna kitu, mama!" Fundi alijifuta na tepu ya kupimia, akakanyaga, na sindano ikaanza kukimbia. Ilikuwa ni suruali ya Chapachapa. Aliagiza ili kupata kisingizio, na sasa ilimbidi aivae.

Nyumbani mume wake alimwuliza mbona amewahi. Shangazi alitazama ukutani. Kulikuwa na saa iliyosema amewahi, na nyingine iliyosema amechelewa sana. Alikaa kwenye kochi akampa miguu aikande, akamsimulia kila kitu. Alipofika kwenye aya ya saba mumewe alisita.

"Kwa hiyo ulitaka kuifungua mgongo kabla hujaitikisa."

"Kanda miguu, mzee."

Kesi ilipofika, wakili wa muuza rangi alisimama na koti zuri na kutangaza kwamba ruhusa ya kusikiliza simu ilipatikana kwa kiapo cha uongo. Alishikilia nakala ya hati ya kwanza juu, aya ya saba ikiwa wazi. Shangazi alikuwa kwenye kizimba cha mashahidi. Jaji wa siku hiyo, mwingine kabisa, alifunua faili, akasoma ule mstari uliokatwa, maneno ya pembeni, sahihi, saa. Akasoma hati ya pili. Kisha akamwambia wakili kwamba uongo ule ulisahihishwa na mwapaji mwenyewe kabla ya ruhusa kutolewa, na kwamba kilichotegemewa ni kiapo cha pili, ambacho hakina kasoro. Waliyosikia yakapokelewa. Wakili aliketi, akalinyoosha koti lake.

Kwenye benchi la nyuma fundi cherehani alikuwa ameketi na pacha wake, mmoja kila upande. Aliposikia neno "yanapokelewa" aliwashika wote wawili magoti, kwa nguvu, mpaka mmoja akasema, "Mama, unaumiza."

Siku chache baadaye simu ya Shangazi ililia akiwa ofisini.

"Ni mimi, mkunga. Nakuuliza kitu kimoja. Simu yangu mnaisikiliza?"

"Hapana, Bibi. Haijawahi kusikilizwa hata siku moja."

"Una hakika?"

"Naapa."

"Wewe na kuapa! Ya mahakamani nimeyasikia. Soma kwanza."

Shangazi alicheka mpaka Chapachapa, ndani ya suruali yake mpya, akageuka kutazama.

"Haya," alisema mkunga, na sauti yake ikashuka, ikawa ya mtu anayesogeza kiti karibu. "Kama hakuna anayetusikia, ngoja nikwambie ya jirani yangu. Una nafasi?"

Shangazi alisukuma mafaili pembeni, akavua viatu chini ya meza.

"Ninayo, Bibi. Sema."